Miaka 125 ya Misheni ya Providence, Chiradzulu (1900–2025): Kazi ya Mchungaji John Chilembwe na Waliompokea

Utangulizi

Mwaka 1900 John Chilembwe, mchungaji wa Kibaptisti mwenye umri wa miaka 30 hivi, alirejea nyumbani kutoka Marekani na kununua ekari 93 za ardhi huko Mbombwe, Chiradzulu, kusini mwa nchi iitwayo leo Malawi. Hapo akaanzisha Providence Industrial Mission, au PIM kama washirika wake walivyozoea kuiita. Nje ya Malawi, jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya siku 12: kuanzia jioni ya tarehe 23 Januari 1915, wafuasi wake waliposhika silaha dhidi ya utawala wa kikoloni, hadi tarehe 3 Februari, alipouawa kwa risasi akiwa njiani kwenda Msumbiji.

Siku hizo zimeandikwa sana, na zinastahili. Ila taasisi haijengwi kwa siku 12. PIM ilijengwa na miaka 15 iliyozitangulia, miaka ya kufundisha, kulima, kubatiza na kufyatua matofali. Baadaye ikajengwa upya na mwanafunzi wake mwenyewe, aliyerudi akiwa daktari. Mwaka huu wa 125 ni wakati mwafaka wa kuifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, tangu haja iliyoizaa.

Haja iliyoizaa misheni (1861–1897)

Nyanda za juu za Shire zilikuwa zimepitia mengi kabla Chilembwe hajazaliwa. Misafara ya watumwa ilitoka pande hizo kuelekea pwani ya Kilwa. Mwaka 1861 David Livingstone aliwaongoza wamisionari wa Kianglikana wa UMCA hadi Magomero, ambako Askofu Charles Mackenzie alifungua kituo na kuwapokea watu waliokombolewa njiani. Maradhi na vita vikawashinda. Mackenzie alifariki mwaka uliofuata, na miaka michache baadaye misheni hiyo ikahamia Zanzibar, ambako ilikuja kujenga kanisa la Mkunazini. Jina la Magomero litarudi tena katika historia hii kwa sura nyingine kabisa.

Waskoti walifungua misheni yao ya Blantyre mwaka 1876. Mwaka 1891 Uingereza ikatangaza himaya yake juu ya nchi. Kwa kuwa walowezi walikuwa wamekwisha kujitwalia mashamba makubwa, maelfu ya wenyeji wakajikuta ni wapangaji katika ardhi ya babu zao. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha hiyo wengi waliipata kwa kufanya kibarua kwa mwenye shamba.

Chilembwe alizaliwa Chiradzulu karibu mwaka 1871, kwa baba wa Kiyao na mama wa Kimang'anja. Alisoma kidogo kwa Waskoti. Mwaka 1892 akaenda kwa Joseph Booth, Mwingereza wa Kibaptisti aliyekuwa amewasili na kuanzisha Zambezi Industrial Mission karibu na Blantyre. Binti wa Booth, Emily, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, alisimulia baadaye kwamba kijana huyo alijitokeza mlangoni na barua fupi ya Kiingereza cha kujifunzia, akiomba kazi ya upishi. Alipewa jiko na ulezi wa mtoto, na haukupita muda akawa mkalimani na msaidizi wa karibu wa Booth. Tarehe 17 Julai 1893 Booth alimbatiza kwa kumzamisha majini, kwa desturi ya Wabaptisti.

Booth alikuwa mtu wa kuudhi wakubwa. Alilipa vibarua zaidi kuliko walowezi wengine, na mwaka 1897 alichapisha kitabu cha kudai Afrika iwe ya Waafrika. Kutoka kwake Chilembwe alichukua mawazo mawili yaliyokuja kuwa nguzo za PIM: kanisa lijitegemee kwa kazi ya mikono, na Mwafrika aliongoze mwenyewe.

Lynchburg na kuwekewa mikono (1897–1900)

Mwaka 1897 wawili hao walisafiri pamoja hadi Marekani. Huko Chilembwe aliachana na Booth kwa amani, akapokewa na Wabaptisti weusi wa National Baptist Convention. Waligharimia masomo yake katika Virginia Theological Seminary and College mjini Lynchburg, chuo kidogo kilichokuwa chini ya Gregory Hayes, mtetezi mkubwa wa elimu ya watu weusi inayoendeshwa na weusi wenyewe.

Alichojifunza nje ya darasa hakikuwa kidogo. Wamarekani weusi walikuwa wametoka utumwani miaka 30 na ushei tu iliyopita, na tayari walikuwa na vyuo, magazeti na makanisa yao. Papo hapo aliona jinsi hayo yote yalivyoweza kushambuliwa. Novemba 1898, akiwa mwanafunzi, wazungu wenye silaha waliupindua uongozi wa mji wa Wilmington katika jimbo jirani la North Carolina na kuwaua wakazi weusi. Kijana kutoka Chiradzulu alikuwa akisoma teolojia katika nchi ya namna hiyo.

Aliwekewa mikono ya uchungaji mwaka 1899. Mwaka uliofuata alirudi nyumbani, kwa sababu ya wito na pia kwa sababu ya pumu iliyokuwa ikimsumbua. Nyuma yake kulikuwa na ahadi ya msaada kutoka bodi ya umisionari ya National Baptist Convention.

Mwanzo mgumu (1900–1906)

Mwanzoni misheni iliitwa Ajawa Providence Industrial Mission, yaani Misheni ya Wayao, ingawa tangu siku za kwanza haikuwabagua Wamang'anja wala Walomwe. Mchungaji alikuwa na ardhi, ila majengo hayakuwapo, fedha zilikuwa chache, na majirani wazungu walikuwa na mashaka. Mchungaji mweusi aliyevaa suti, mwenye hati ya ardhi kwa jina lake na asiye chini ya mmisionari mzungu, hakuwa amewahi kuonekana katika nchi ile.

Msaada wa watu ulikuja kabla ya msaada wa fedha kutosha. Mwaka 1901 aliwasili Mchungaji Landon Cheek kutoka Mississippi. Mwaka 1902 akaja Emma DeLany kutoka Florida, mhitimu wa chuo cha Spelman, Atlanta. Cheek alisimamia kazi za nje na mahubiri, na akaoa katika ukoo wa Chilembwe. DeLany aliipanga shule, akawaita wanawake na wasichana darasani, akasisitiza ushonaji na usafi. Serikali iliwatazama wote wawili kwa jicho la wasiwasi, maana watawala waliogopa kwamba Wamarekani weusi wangepandikiza mawazo ya usawa.

DeLany aliondoka mwaka 1905 na Cheek mwaka 1906, kila mmoja akiwa ametimiza muda wake. Tangu hapo PIM ilikuwa mikononi mwa Waafrika watupu, huku ikipokea michango midogo kutoka ng'ambo. Wapo waliotazamia ingekufa. Kilichofuata ndicho kipindi cha ukuaji mkubwa kuliko vyote vya uhai wa mwanzilishi.

Ukuaji (1906–1913)

Kazi za misheni ziligawanyika katika huduma nne.

*Shule.* Kutoka Mbombwe mtandao wa shule ulienea vijijini, chini ya walimu waliofundishwa papo hapo. Kufikia mwaka 1912 zilihesabiwa kuwa na wanafunzi wapatao 1,000, pamoja na watu wazima wapatao 800 waliokuwa wakijifunza.

*Shamba.* Misheni ilipanda pamba, kahawa na chai. Mazao hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwatajirisha walowezi, na Chilembwe alitaka vijana wake wayajue kama wakulima wenye mali yao, wasiishie kuwa vibarua.

*Kazi za wanawake.* Ida, mke wa mchungaji, aliongoza madarasa ya ushonaji na malezi na kuwahimiza wazazi wawapeleke binti zao shule. Picha za zamani za PIM zinawaonyesha wanawake wakiwa katika nguo zilizoshonwa vizuri, wanaume katika makoti na tai. Mavazi hayo yaliwakera walowezi wengi. Kwa washirika yalikuwa ushahidi kwamba mtu mweusi ana heshima yake.

*Ibada na ubatizo.* Washirika walibatizwa kwa kuzamishwa baada ya mafundisho, na mahubiri yalifanywa kwa lugha ya nyumbani. Pombe ilikatazwa, bidii ya kazi ikasisitizwa.

Mchungaji alishirikiana pia na tabaka jipya la Waafrika waliokuwa na maduka na mashamba yao. Mwaka 1909 alikuwa mwenyekiti wa Natives' Industrial Union, umoja wa wafanyabiashara wenyeji uliojaribu kutetea biashara zao mjini Blantyre.

Taji la kipindi hiki ni kanisa. Ujenzi ulianza mwaka 1911 na kukamilika mwaka 1913: jengo kubwa la matofali ya kuchoma, lililoitwa New Jerusalem. Waumini ndio waliolijenga kwa mikono yao. Mwaka 1914 ilipigwa picha ambayo imebaki mashuhuri: Chilembwe amesimama mbele ya kanisa pamoja na mmisionari Mwingereza, John Chorley, wote wawili wamevaa kofia. Desturi ya wakati huo ilimtaka Mwafrika avue kofia mbele ya mzungu. Mchungaji hakuivua.

Magomero, vita na Januari 1915

Jirani na ekari 93 za PIM kulikuwa na shamba la Magomero la A. L. Bruce Estates, lenye zaidi ya ekari 160,000. Mmiliki alikuwa mjukuu wa David Livingstone, na meneja wake aliitwa William Jervis Livingstone. Wapangaji walilipa kwa kazi badala ya fedha, kwa mtindo ulioitwa thangata, na mara nyingi kazi hiyo iliangukia msimu wa mvua, wakati familia zilipotakiwa kuwa katika mashamba yao. Uongozi wa shamba haukuruhusu shule wala makanisa ya wenyeji ndani ya mipaka yake. Waumini wa PIM walioishi humo walipojenga nyumba za ibada, meneja alizichoma moto.

Njaa ya mwaka 1913 ilizidisha dhiki, huku Walomwe waliokimbia Msumbiji wakiendelea kuingia na kutafuta pa kuishi. Mchungaji mwenyewe alikuwa na madeni, pumu haijamwacha, na macho yake yalikuwa yakififia.

Kisha vita vikaja. Tarehe 9 Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani kutoka Tanzania Bara ya leo na ya Waingereza yalipambana karibu na Karonga, kwenye Ziwa Nyasa. Askari wa Kinyasa walikufa pande hizo, na maelfu ya vijana wakaanza kukusanywa kuwa wapagazi, tengatenga, sawa na wale waliokuja kuliachia jina eneo la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Novemba 1914 Chilembwe aliliandikia gazeti la Nyasaland Times, Nyasaland likiwa jina la nchi wakati huo. Katika barua hiyo alihoji kwa nini Waafrika wamwage damu katika ugomvi usio wao, hali wakati wa amani hawakumbukwi, na wajane na mayatima wao hawana wa kuwatunza. Udhibiti uliizuia barua isisambae.

Jioni ya Jumamosi tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wake walishambulia mashamba ya Bruce. William Jervis Livingstone na wazungu wengine wawili waliuawa. Wanawake na watoto wa Kizungu walichukuliwa, kisha wakaachiliwa bila kudhuriwa. Kundi lililokwenda Blantyre kutwaa silaha halikufanikiwa kupata za kutosha. Tarehe 26 Januari misheni ya Wakatoliki ya Nguludi ilichomwa moto na padri mmoja akajeruhiwa. Siku hiyo hiyo askari wa serikali waliingia Mbombwe. Tarehe 3 Februari doria ya polisi ilimpata Chilembwe karibu na Mulanje, ikampiga risasi.

Historia ya kumbukumbu haina budi kuyataja yote mawili: dhuluma iliyowafikisha watu pale, na damu iliyomwagika kwa mikono ya waumini.

Miaka ya kimya (1915–1926)

Adhabu ilikuwa kali. Watu wapatao 40 walinyongwa au kupigwa risasi, na 300 hivi wakafungwa. Kanisa la New Jerusalem, lililokuwa na umri wa miaka miwili tu, lililipuliwa kwa baruti. PIM ilifungwa, shule zake zikafa.

Tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake mwaka 1916 ilimlaumu Chilembwe, ila ilikiri pia kwamba jinsi wapangaji walivyotendewa katika mashamba ya Bruce ilikuwa ya ukandamizaji, na katika mambo kadhaa ilivunja sheria. Thangata haikuondolewa, ilidumu kwa sura mbalimbali kwa miongo mingine mingi.

Kipindi cha Dk. Malekebu (1926–1971)

Miongoni mwa watoto wa darasa la Emma DeLany alikuwemo Daniel Sharpe Malekebu. Mwalimu wake alipoondoka mwaka 1905, kijana alimfuata Marekani, akilipia njia yake kwa kufanya kazi melini. Alihitimu udaktari Meharry Medical College, Nashville, mwaka 1917, miaka 20 kabla ya Hastings Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi, kuhitimu katika chuo hicho hicho. Mkewe, Flora Zeto, alizaliwa Kongo na kusoma Spelman kama DeLany.

Mwaka 1921 Malekebu alijaribu kurudi nyumbani. Serikali ilimkatalia kuingia, ikijua ametoka katika shule gani. Wakaenda Liberia kufanya kazi ya misheni, huku National Baptist Convention ikiendelea kuiomba serikali ya Nyasaland. Ruhusa ilitoka mwaka 1926, na PIM ikafunguliwa tena miaka 11 baada ya kufungwa.

Daktari alikuta magofu na washirika waliotawanyika. Alianza na mambo yale yale ya mwanzilishi, akaongeza tiba. Shule zilifunguliwa upya, Flora akaongoza masomo ya wanawake na wasichana, na wagonjwa wakapata matibabu papo hapo misheni. Mwaka 1928 ujenzi wa kanisa jipya ulianza, na mwaka 1933 New Jerusalem ilisimama tena Mbombwe.

Mtindo wake wa uongozi ulitofautiana na wa mtangulizi wake. Alijua serikali inamtazama, akachagua njia ya chama cha wenyeji cha Chiradzulu, maombi kwa maandishi na ushawishi wa polepole. Wapo waliomwona mpole mno. Mwenye kutaka kumpima vizuri akumbuke kwamba kosa moja lingetosha kuifunga misheni kwa mara ya pili. Chini yake makanisa ya PIM yalienea hata nje ya mipaka ya Nyasaland, na jumuiya nzima ikaja kujulikana kama African Baptist Assembly.

Alistaafu mwaka 1971 baada ya miaka 45 ya uongozi, akafariki mwaka 1978.

Heshima ya taifa (1964 hadi leo)

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Kabla ya hapo, mwaka 1958, George Shepperson na Thomas Price walikuwa wamechapisha *Independent African*, utafiti mkubwa uliomrudisha Chilembwe katika mjadala wa wasomi. Leo tarehe 15 Januari ni sikukuu ya taifa, Siku ya John Chilembwe, na tangu mwaka 1997 sura yake imekuwa kwenye noti za kwacha.

Septemba 2022 ile picha ya kofia mbili ilifika London. Msanii wa Kimalawi, Samson Kambalu, aliigeuza kuwa sanamu katika uwanja wa Trafalgar Square. Chilembwe alichongwa akiwa na urefu wa mita tano hivi, na Chorley kwa kipimo karibu cha kawaida. Sanamu hiyo ilikaa hapo miaka miwili.

Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1871 hivi | John Chilembwe azaliwa Chiradzulu |
| 1893 | Abatizwa na Joseph Booth |
| 1897 | Asafiri kwenda Marekani |
| 1899 | Awekewa mikono ya uchungaji |
| 1900 | Aanzisha PIM, Mbombwe |
| 1901–1906 | Huduma ya Landon Cheek na Emma DeLany |
| 1911–1913 | Ujenzi wa kanisa la New Jerusalem |
| 1915 | Maasi. Kifo cha Chilembwe. Kanisa lalipuliwa, PIM yafungwa |
| 1926 | PIM yafunguliwa tena chini ya Dk. Malekebu |
| 1928–1933 | Kanisa lajengwa upya |
| 1964 | Uhuru wa Malawi |
| 1971 | Dk. Malekebu astaafu |
| 1978 | Dk. Malekebu afariki |
| 2025 | PIM yatimiza miaka 125 |

Hitimisho

Mabepari wa Magomero walikuwa na ardhi mara 1,700 ya ile ya mchungaji jirani yao, na nyuma yao kulikuwa na sheria, polisi na jeshi. Kampuni ya Bruce imekwisha zamani. PIM ilifungwa, ikavunjwa na kunyimwa kiongozi kwa miaka 11, ikafufuka, na sababu inaonekana katika mpangilio wa kazi zake. Mwanzilishi alikuwa amefundisha walimu kabla ya kujenga kanisa. Matofali yalipolipuliwa, mmoja wa wanafunzi wa darasa la mwanzo alikuwa tayari Nashville akisomea udaktari. Kwa washirika wanaoadhimisha miaka 125, hilo ndilo somo la kazi: kanisa lolote la kijijini litakalotaka kudumu lihesabu kwanza nani linamfundisha leo, ndipo lihesabu mabati na matofali.